Kuaga Getini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na Mkurugenzi naye ameanza. Ametukusanya jikoni kabla watoto hawajafika, akatutangazia kwamba mwezi wa tano mkaguzi atakuja kupima ubora wa kituo chetu, na kwamba kila mwalimu aandike anayoyaona kazini msimu huu wote, ili tukiulizwa ubora wa malezi ni nini tusije tukakodoa macho. Tunamwita Mkurugenzi kwa sababu ndivyo anavyopenda. Anaongoza vyumba vinne, jiko na choo, lakini ukimwita "mama" hageuki.

Basi naandika. Mimi ndiye Mama Geti. Nina darasa la watoto wa miaka miwili na mitatu, ila jina nimelipata kwa kazi ya asubuhi, ya kupokea watoto getini, na kwa kazi hiyo hakuna anayenifikia. Mzazi anakuja na mtoto aliyemng'ang'ania shingoni. Mimi nampokea, namgeuza upande wa pipa la maji, nasema, "Tazama ndege! Yule kule!" Mtoto anatazama, mama anayeyuka. Mtoto akigeuka mama hayupo, na mkononi tayari nimeshamtia mpira. Huenda atalia kidogo akifika ndani, lakini getini hakuna kilio. Kituo cha mtaa wa nyuma asubuhi utadhani wanachinja. Kwetu ni kimya, na wazazi wapya wanatuchagua kwa sababu hiyo.

Ukiniuliza ubora, ndio huo. Nimemaliza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mpira umetoboka.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepata mtoto mpya, binti wa miaka miwili na nusu, mashavu yamejaa, kimya kama hayupo. Mama yake ameajiriwa juzi juzi kwenye kiwanda cha mikate. Alinivuta pembeni na kunisimulia yote akiwa amesimama chini ya mwavuli uliovunjika mbavu.

"Mama mkwe hataki kusikia habari ya kituo," alisema. "Anataka nimpelekee yeye huko kijijini, amlee mpaka afike umri wa shule. Mume wangu mbele ya mama yake hana kauli. Tumekubaliana hivi: mvua zikiisha na njia ikapitika, atakuja mwenyewe kuangalia. Akimkuta mtoto anakula, analala, ana furaha, atatuachia. Akikuta vingine, anaondoka naye."

"Mpaka afike umri wa shule?"

"Miaka minne, mwalimu. Nitakuwa namwona sikukuu kwa sikukuu. Atakuwa ananiita shangazi."

Nikamwambia asijitie presha, hapa kwangu hajawahi kuja mtoto akashindwa kuzoea. Kisha nikamfanyia ndege. Mama alitoweka kiulaini mpaka Mpishi, aliyekuwa anachungulia dirishani, akanipigia makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Hajala. Amekaa mlangoni siku nzima, uso umeelekea nje. Mpishi amempa jina: Mlinzi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimesema "Tazama ndege," na Mlinzi hakutazama. Sijawahi kuona. Nikajaribu paka, nikajaribu lori, nikajaribu "Ona, Mpishi anakuja na biskuti," na Mpishi kweli alikuja na biskuti. Mtoto kamkazia mama yake macho, hapepesi. Mwisho nilimbandua vidole kimoja kimoja kama mtu anayetoa gundi, na mama akakimbia huku ameziba masikio. Kilio kilisikika mpaka kwa fundi cherehani wa jirani.

Nimekasirika. Nilijisikia kama fundi aliyeharibiwa kazi yake mbele za watu.

Ijumaa, 14 Machi

Mlinzi halali. Wenzake wakijilaza mchana, yeye anakaa kitako kwenye godoro, mgongo ukutani, akiangalia mlango. Kichwa kinamwangukia kifuani, anakiinua. Nikienda chooni ananifuata, na nikifunga mlango anabisha hodi bila kuacha. Uji anakunywa vijiko viwili vitatu, tena kwa kusimama.

Jioni mama yake aliniambia kwamba nyumbani nako mambo ni yaleyale. Hawezi kuoga peke yake, mtoto anasimama naye kwenye maji na nguo zake. Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama mjukuu wake analala. "Nimemwambia analala," mama alisema, akainamisha uso. "Nisingemwambia hivyo ningefanyaje?"

Nilimwambia avumilie. Lakini nilipokuwa nafunga geti nilijiuliza ni kitu gani hasa ninachomwambia avumilie.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi ya ukaguzi. Mkurugenzi anatupitisha mmoja mmoja: ubora ni nini? Jibu ni hili, tulikariri: ubora ni mazingira salama, rafiki na chochezi yanayomkuza mtoto kimwili, kiakili, kihisia na kijamii. Mpishi, ambaye hata hatahojiwa, amelishika kwa siku moja na analiimba akimenya viazi. Mimi kila nikifika "chochezi" nakwama.

"Mama Geti, neno gumu hapo ni lipi?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Yote, Mkurugenzi. Nikiyasema najisikia kama nasoma maelezo nyuma ya chupa ya dawa."

Hakucheka.

Jumanne, 25 Machi

Leo nataka kuandika taratibu, maana tangu mchana moyo haujatulia.

Mvua ilishika tangu asubuhi, hivyo hatukutoka nje. Nilimwaga vinyago vyote sakafuni na kukaa kwenye kiti changu kidogo, nikishona kitufe cha aproni. Mlinzi alikuwa hatua chache kutoka nilipo, karibu na mlango kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa anacheza. Nikajisemea moyoni, hatimaye. Sikugeuza kichwa nisije nikamharibia.

Alikuwa na wanasesere wawili wa vitambaa, mkubwa na mdogo. Aliwasimamisha pamoja. Akamshika mdogo, akamgeuza uso ukutani, akasema, "Tazama ndege! Yule kule!" Sauti ilikuwa yangu. Si kwamba ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu hasa, na ule uchangamfu wangu wa uongo, na ule mvuto wa "kule" mwishoni. Kisha, wakati mdogo anatazama ukuta, alimchukua mkubwa na kumficha chini ya zulia. Akamgeuza mdogo. Akamwonyesha kwamba hakuna mtu. Akamtikisa.

Halafu akaanza upya. Alirudia na kurudia. Kila mara mdogo anatazama, na kila mara anaadhibiwa kwa kutazama. Mwishoni alimshika yule mdogo kwa mikono miwili, akamsogeza mpaka pua zikagusana, akamnong'oneza, "Usitazame."

Sindano ilinichoma kidole.

Miaka yote hii nimekuwa nikijua kwamba napiga watoto changa la macho, na nikijua ni la kheri. Sikuwahi kujiuliza wao wanajifunza nini. Nilidhani wanajifunza kuzoea. Huyu amejifunza kwamba ukiondoa macho kwa mama yako, hata kidogo, hata kwa kitu kizuri, anatoweka. Sasa atalalaje? Kulala si ndiko kuondoa macho kabisa? Atakulaje, kama kuangalia bakuli ni hatari? Binti wa watu hakatai chakula wala usingizi. Yuko zamu.

Na hiyo zamu nimempangia mimi.

Jumatano, 26 Machi

Nimemsimulia mume wangu wakati wa chakula. Aliendesha magari ya abiria mpaka alipostaafu, na kila jambo kwake linaishia barabarani. Alisema, "Abiria ukimwambia tunachelewa, atakutukana, lakini atakaa. Ukimwambia dakika moja tu kisha ukae saa nzima, kesho hapandi gari lako."

Nimemwambia leo ameongea kama mtu. Amefurahi.

Ijumaa, 28 Machi

Sikuomba ruhusa. Ningeomba ningenyimwa.

Mama yake Mlinzi alipofika na kunikabidhi mtoto, akiwa tayari na mguu wa kukimbilia, nilimwambia, "Leo hukimbii. Leo unamuaga."

Alinitazama kama nimemwambia avue viatu kwenye matope. "Mwalimu, atalia!"

"Atalia. Piga magoti umwambie."

Alichuchumaa. Akajikohoza. "Mama anakwenda hapo dukani tu, anarudi sasa hivi, sawa?"

"Hapana," nikasema. "Mwambie ukweli."

Alimshika mtoto mikono yote miwili. Kisha akasema, na sauti ikamkatikakatika, "Mama anakwenda kazini, kuoka mikate. Utacheza, utalala, utakunywa uji wa jioni. Ukishamaliza uji, nitakuja. Kwaheri, mwanangu."

Akaondoka akitembea, kwa kuwa nilimkataza kukimbia. Mlinzi alimwona akienda. Aliuona mgongo wake wote mpaka kwenye kona.

Kile kilio sijui nikisimulieje. Wazazi wengine walisimama na watoto wao mikononi wakinishangaa, mimi Mama Geti, nimekaa kwenye benchi la saruji lililolowa, nimempakata mtoto anayepiga yowe, na simwonyeshi ndege wala simpi mpira. Nilimwambia tu, "Ndiyo. Mama amekwenda. Unaumia." Nikarudia hivyo hivyo mpaka akamaliza. Kwa mbali niliona pazia la ofisi likisogea.

Jumatano, 2 Aprili

Amelia. Mama amekuja baada ya uji, kama alivyosema.

Alhamisi, 3 Aprili

Amelia. Mvua. Mama amekuja baada ya uji.

Jumatano, 9 Aprili

Jambo limeenea. Baba wa pacha ameniuliza kwa nini yule anaagwa na wa kwake hawaagwi, akaamua kuwaaga. Nao, ambao hawajalia tangu mwaka jana, walilia kama wamedaiwa. Mama mwingine akafuata. Asubuhi hii geti letu lilikuwa na vilio vya kila aina, vya juu na vya chini, na fundi cherehani alikuja kuuliza kama tumepata msiba.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Hakukaa, nami sikukaa.

"Mama Geti, unaniulia kituo."

"Wanaaga tu, Mkurugenzi."

"Wanalia! Mzazi aliyekuja kuulizia nafasi jana amesikia makelele, amegeuza njia. Mwezi ujao mkaguzi anasimama pale getini. Ataandika nini?"

"Ataandika kwamba wanalia."

"Unafanya mzaha?"

"Sifanyi. Walikuwa wanalia na zamani pia, ila tulikuwa tunawangoja waingie ndani na sisi tunafunga mlango. Wengine walikuwa wanalilia tumboni. Wewe hukuwasikia, na mimi nilikuwa najitia sisikii."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Si mtu mbaya. Kituo hiki alikianzisha sebuleni kwake, wakati hakuna aliyekuwa anapokea watoto wa wafanyakazi wa zamu. Alisema, "Nakupa mpaka mkaguzi aje. Geti likiwa bado hivi siku hiyo, mlangoni namweka mtu mwingine."

Nimerudi darasani. Naandika ili nijue kwamba niliogopa.

Alhamisi, 10 Aprili

Uji umeungua. Mpishi anasema ni mvua. Mvua ya ndani ya sufuria, labda.

Jumanne, 15 Aprili

Leo ahadi imevunjika.

Mvua ya mchana ilijaza barabara ya kiwandani, magari yakakwama pande zote mbili za daraja. Simu ya mama yake Mlinzi ikawa haipatikani. Uji ukanywewa. Mlinzi alimaliza bakuli lote, kwa mara ya kwanza tangu aje, akalipindua kunionyesha, akaenda kusimama mlangoni. Alimaliza kwa sababu aliambiwa kwamba ukimaliza uji mama anakuja. Nilitamani ardhi inimeze.

Watoto walichukuliwa mmoja mmoja, wale wa karibu. Kila geti likilia, Mlinzi anainuka. Mpishi, kwa huruma yake, akaanza, "Njoo uone kuku wangu wa..." nikamkatiza kwa jicho.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto. Kwa kweli sikujua la kumwambia, kwa hiyo nilimwambia kilichopo. "Mama alisema baada ya uji. Uji umekwisha na mama hajafika. Maji yamejaa barabarani, magari hayapiti. Mama anataka kuja. Hajui njia ya kupita bado. Mimi siondoki mpaka aje."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu chenji. Kisha akakaa mapajani mwangu, akiwa ameangalia mlango. Tulikaa hivyo. Hakulia. Mkurugenzi alitoka ofisini na mkoba wake begani, akatuona, akarudisha mkoba ndani, akaja na viti viwili. Akakaa kimoja na kuweka miguu kwenye kingine, akasema miguu yake imevimba kwa sababu ya baridi. Sikuwa nimemwomba abaki.

Mama alifika amelowa mpaka nywele, viatu mkononi, ametembea kutoka darajani. Alikuwa analia. Alitaka kumkumbatia mtoto moja kwa moja, nikamzuia kidogo kwa mkono. "Mwambie."

"Nimechelewa," akasema. "Nilikuambia baada ya uji, sikuja. Nisamehe, mwanangu."

Mlinzi alimpiga kofi la mguuni. Kofi zito, kwa mkono mdogo vile. Halafu akaukumbatia mguu uleule alioupiga.

Niliamini yote tuliyojenga yamebomoka. Nalala na hofu hiyo.

Jumatano, 16 Aprili

Aliagwa, akalia, akanyamaza mapema. Sielewi, lakini sijalalamika.

Alhamisi, 24 Aprili

Amelala! Mchana, wakati wenzake wanalala, ameteleza ukutani taratibu mpaka shavu likafika kwenye godoro. Mdomo wazi, mate yanamtoka, anakoroma kidogo. Nilibanwa na chafya nikatoka nje kwenda kuipiga uani, kwenye mvua. Nilipopita jikoni nilimkuta Mpishi anaosha vyombo kwa kunong'ona.

Alipoamka alitafuta mlango, akaniona, akauliza, "Uji?"

"Bado. Sasa hivi."

"Halafu mama."

"Halafu mama."

Nimelia chooni kama mjinga.

Jumatatu, 28 Aprili

Pacha wamerudia kuingia mbio mbio bila kumkumbuka baba yao. Yeye ndiye anayesimama getini akiwasubiri wamgeukie. Leo amewafuata ndani akidai kwaheri yake.

Jumanne, 6 Mei

Mvua zinakatika. Leo imenyesha kidogo asubuhi, kisha jua. Mama yake Mlinzi anasema mama mkwe amepiga simu: njia imekauka, anakuja kabla mwezi haujaisha.

Mkurugenzi alinifuata uani nikianika magodoro. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. "Nimeona mabadiliko," alisema. "Sikatai. Lakini bado wapo wawili watatu wanaolia asubuhi. Keshokutwa mkaguzi anakuja. Nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo moja tu, warudishie ndege. Siku moja haiharibu kitu. Kesho yake unaendelea na utaratibu wako, na sitakugusa."

Nilisema nitafikiri.

Nimefikiri. Anachoomba si kikubwa, na ana haki ya kuogopa: daraja la kituo litaandikwa kwenye kibao cha nje, na kibao ndicho kinacholeta watoto. Sijui nitafanya nini.

Alhamisi, 8 Mei

Mkaguzi ni mama wa makamo, mfupi, raba miguuni, kalamu sikioni. Alifika mapema kuliko alivyotarajiwa, akasimama kando ya pipa la maji, palepale ndege wangu walipokuwa wanaishi. Mkurugenzi alisimama nyuma yake akinikodolea macho.

Akaja Mlinzi na mama yake. Asubuhi ya leo alikuwa na mafua, kamng'ang'ania mama. Nikajua atalia. Mama aliniangalia akisubiri. Mkurugenzi aliniangalia akisubiri. Nami nilimwangalia Mlinzi, akainua uso akaniangalia, na hapo nikatambua jambo lililonichoma. Sasa angetazama. Mwezi wa tatu hakutazama kwa sababu alikuwa amenijua mimi ni mtu wa aina gani. Leo ananiamini. Ningesema "yule kule," angegeuza kichwa chote bila shaka yoyote, na mama yake angeondoka kimyakimya mbele ya mkaguzi, na kibao chetu kingeng'aa.

"Muage," nikamwambia mama.

Akamuaga. Mlinzi akalia, pua inatiririka, sauti imejaa. Nikakaa naye kwenye benchi. Mkaguzi akatoa kalamu sikioni akaandika, na Mkurugenzi akafumba macho. Baada ya muda kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Mlinzi akajifutia pua begani kwangu, akateremka, akaenda zake ndani. Mkaguzi akaandika tena. Sikuweza kusoma chochote usoni mwake.

Baadaye aliniketisha kwenye viti vya watoto, magoti yetu kidevuni, akaniuliza lile swali.

"Mwalimu, kwako wewe, ubora wa malezi ni nini?"

Nilifungua mdomo. Mazingira salama, rafiki na... Nikakwama palepale. Kichwa kikawa cheupe. Wiki kumi nimekuwa naliandika jambo hili kila siku, na mbele ya mtu mwenye kalamu nikasikia sauti yangu ikisema, "Choo kisinuke."

"Choo kisinuke," akarudia, akiandika.

Mpishi alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango. Nilisikia sufuria ikianguka.

Ijumaa, 9 Mei

Mkurugenzi hanisemeshi. Getini bado niko mimi, maana hakuna aliyekuja kuchukua nafasi.

Jumanne, 20 Mei

Majibu yametoka. Daraja la pili. Mkurugenzi alitarajia la kwanza, akaogopa la tatu, kwa hiyo hakujua anune au ashukuru. Amesoma maoni kwa sauti jikoni. Vyumba viongezwe mwanga. Vitabu vya picha ni vichache. Watoto wanaagwa na kupokewa kwa ukweli, utaratibu huu uendelezwe na uwafikie walimu wote. Vyoo ni visafi sana.

"Hicho cha vyoo ni chako, Mama Geti," alisema Mpishi.

Mkurugenzi alikunja karatasi. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba kuanzia kesho atakuwa anasimama getini na mimi, ili ajifunze. Nikajibu, "Karibu, mama." Aligeuka.

Alhamisi, 22 Mei

Bibi yake Mlinzi amefika jana jioni. Mama yake Mlinzi alikuja amevimba macho. Begi la mtoto bibi ameshaliangalia, ameuliza nguo zipi ni za baridi. Kesho atamleta mtoto yeye mwenyewe, ashinde aangalie anavyotaka, halafu ataamua.

"Nimemwambia kila kitu kizuri," mama alisema. "Ananisikiliza tu."

Nilimshika mkono.

Ijumaa, 23 Mei

Jua tangu asubuhi. Bibi ni mrefu, kanga safi, mwendo wa mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi mkono wa Mlinzi. Kisha akanisogelea sikioni.

"Mshughulishe kidogo, mwanangu, nipotee."

"Mama, hapa tunaaga."

"Si atalia?"

"Huenda akalia."

Alinitazama juu mpaka chini. Mkurugenzi, aliyekuwa kando yangu, alisema taratibu, "Piga magoti, mama yangu. Mwambie unakwenda wapi na utarudi lini." Sikuwa nimetarajia kumsikia akisema hivyo.

Bibi alipiga magoti kwa kushika geti. "Bibi anakwenda hapo nyuma ya ukuta," alisema, maana hakujua kudanganya ghafla hivyo. "Halafu atakuja kukutazama ukicheza."

Mlinzi alikunja uso, machozi yakaja, yakakomea njiani. Akapunga mkono, akaingia.

Bibi alikaa kweli nyuma ya ukuta, tulimwona kilemba. Alikuwa anasubiri kilio. Kilipokosekana akaingia, akapewa kiti pembeni, akakaa siku nzima. Alimwona mjukuu wake akigombania koleo na kulipata. Alimwona akila, akiomba nyongeza. Mchana alimwona akijilaza mwenyewe na kunipa kisogo, akalala fofofo. Bibi aliinama karibu naye akamsikiliza akipumua, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya uji mama yake alikuja kutoka kazini, akasimama getini hana nguvu ya kuingia. Watoto walikuwa uani kwenye mchanga. Bibi aliinuka kwenye kiti chake, akatengeneza kanga, akamwendea Mlinzi. Akapiga magoti tena, safari hii bila kuambiwa na mtu.

"Bibi anarudi kwake," alimwambia. "Kesho, na basi la asubuhi. Wewe unabaki hapa na mama na baba. Nikishavuna nitakuja kukuona. Kwaheri, mjukuu wangu."

Mama aliegemea geti kama aliyekatwa miguu.

Mlinzi alimsikiliza bibi yake mpaka mwisho, koleo mkononi. Akamwangalia machoni. "Haya, bibi. Kwaheri," akasema, akarudi kuchimba.

Bibi hakuinuka. Alibaki palepale na magoti yake kwenye mchanga, akifungua na kufunga pindo la kanga, na mara mabega yakaanza kumtikisika. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watoto wote. Mkurugenzi akanishika kiwiko. "Mama Geti," alinong'ona, "tufanyeje?"

Nilikwenda nikakaa mchangani karibu naye. Mkurugenzi akaja akakaa upande wa pili. Tukamwacha alie mpaka alipomaliza.